Skonzi za jibini za nyumbani: jibini lipi, mafuta yapi, moto upi?

Kama una pesa ya kuboresha kitu kimoja tu kwenye skonzi za jibini, iweke kwenye jibini. Siagi inaweza kupisha majarini, maziwa yanaweza kuwa mala yaliyobaki jana, oveni inaweza kuwa sufuria yenye makaa juu ya kifuniko, na mlaji bado ataomba ya pili. Lakini jibini likiwa halina ladha, hata siagi ya bei gani haitaliokoa. Utapata kitafunwa kizuri cha chai ambacho hakuna atakayejua kina jibini. Huo ndio msimamo wangu, na sehemu kubwa ya ulinganisho huu itakuwa huko.

Ninazozungumzia ni skonzi za Kiingereza, zile za bekingi pauda zinazoiva ndani ya robo saa, si zile laini za hamira zinazouzwa kwa pakiti dukani. Hizi hazisubiri kuumuka, hazikandwi, na za jibini haziwekwi sukari. Ili tulinganishe kwa haki, kipimo cha msingi kibaki kimoja: unga wa ngano gramu 225 (vikombe viwili kasoro robo), bekingi pauda vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa, chumvi robo kijiko cha chai, haradali ya unga nusu kijiko, pilipili ya unga kiasi cha kushika kwa vidole viwili, siagi gramu 50, jibini gramu 120 na maziwa mililita 140 hivi.

Siagi iwe baridi, ikatwe vipande, ifikichwe kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka unga uwe chengachenga. Robo tatu ya jibini inaingia humo, robo inayobaki ni ya juu. Maziwa yanamiminwa kwa mkupuo mmoja na kukorogwa kwa kisu cha mezani mpaka unga ushikane, kisha donge linageuzwa mara mbili tatu kwenye kibao chenye unga, linabonyezwa kwa kiganja hadi unene wa sentimita 2.5, linakatwa, linapakwa maziwa na kunyunyizwa jibini juu, na kuokwa nyuzijoto 220 kwa dakika 12 hadi 15. Zinatoka skonzi nane. Donge likinatanata kidogo, liache hivyo. Ukiongeza unga mpaka liwe safi mkononi kama la chapati, skonzi zitakuwa nzito.

Jibini

Unga una uzito karibu mara mbili ya jibini, na wenyewe hauna ladha ya kusaidia. Kwa hiyo jibini linaloonekana tamu likiliwa peke yake hufifia likiingia kwenye skonzi. Hapo ndipo cheddar kali, iliyokaa mwaka na zaidi, inapozishinda nyingine karibu zote. Jibini hili lina asili yake Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye kijiji cha Cheddar na vitongoji vyake, na skonzi za jibini za Waingereza zimejengwa juu yake. Likikaa ghalani miezi mingi, protini na mafuta yake huvunjika taratibu kuwa chembe ndogondogo zenye harufu na ukali, na maji hupungua. Unanunua ladha nyingi na maji machache kwa kila gramu.

Pakiti ikiandikwa mature, umepata. Kama jibini linakatwa kutoka kwenye bonge na halina maandishi, omba kipande uvunje kwa vidole. Changa litapinda kwanza kabla ya kukatika, na ulimini litakuwa na utamu wa maziwa tu. Lililokomaa linameguka, na dakika moja baada ya kulimeza bado unalisikia pembeni mwa ulimi. Cheddar changa ni nafuu, lakini ili isikike inabidi uiongeze, na hapo skonzi zinakuwa na mafuta mengi na kutanuka chini badala ya kupanda juu. Mimi ningechukua gramu 80 za iliyokomaa kuliko gramu 150 za changa.

Gouda ndiyo jibini ambalo wengi wetu tunalipata kirahisi zaidi. Linatengenezwa Limuru na Eldoret nchini Kenya. Njombe nako kuna kiwanda cha jibini, na milima ya Masisi huko Kivu Kaskazini ina jibini lake la aina hiyo linalouzwa Goma na kusafirishwa hadi Kinshasa. Katika utengenezaji wa gouda, maziwa yaliyoganda huoshwa kwa maji ya moto ili kuondoa sehemu ya sukari ya maziwa. Bakteria hukosa chakula cha kugeuza kuwa asidi, na jibini hutoka tamu na laini. Utamu huo ni mzuri kwenye mkate, ila kwenye skonzi unahitaji kusukumwa. Ongeza haradali ifike kijiko kizima cha chai na usiogope pilipili. Ukipata gouda iliyokaa miezi mingi, ile ngumu yenye rangi ya karameli na punje ndogo zinazosagika menoni, usiwaze tena cheddar: inatoa skonzi yenye ladha ya njugu ambayo binafsi naiweka nafasi ya kwanza.

Mozzarella iache kwa ajili ya piza. Karibu nusu ya uzito wake ni maji, ladha yake ni ya kunong'ona, na ule uzi wake wa kuvutika hudumu dakika chache tu. Skonzi ikipoa, ndani yake kunakuwa na vipande vya mpira. Feta ni habari nyingine: haiyeyuki, ina chumvi nyingi, na inataka skonzi yake yenyewe, isiyo na chumvi hata kidogo kwenye unga, yenye kitunguu majani kilichokatwa laini na maziwa yaliyopunguzwa kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa sababu ya unyevu wake. Ni tamu, lakini anayetamani skonzi ya jibini yenye ganda la kahawia juu hatoridhika nayo.

Halafu kuna jibini la kusindikwa, la vipande vyembamba, la pembetatu au la kopo, lile ambalo Muscat na miji mingine ya Ghuba halikosi kabatini. Limetengenezwa kwa chumvi maalumu zinazozuia mafuta kujitenga, na kwa hiyo linayeyuka vizuri sana kwenye mkate wa moto. Ndani ya skonzi linapotea kabisa. Kama ndilo ulilonalo, usilichanganye na unga. Likate vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole, uvifiche katikati ya donge ili kila mmoja apate mfuko mlaini wa jibini.

Kwa bajeti ndogo, mchanganyiko ninaousimamia ni gouda changa gramu 80 na parmesan gramu 25 iliyokwaruzwa laini. Parmesan halisi hukaa miezi 12 kwa uchache kabla ya kuuzwa, na ukali wake unabeba ile gouda mgongoni. Kipande kimoja kidogo, kikifungwa vizuri, kinakaa kwenye friji wiki nyingi na kutosha kuoka mara kadhaa. Bei yake ukiigawa hivyo haitishi tena.

Jinsi ya kukwaruza nayo ina uzito wake. Upande wa matundu madogo unatoa unga wa jibini unaosambaa kote na kuipa skonzi nzima ladha sawa. Upande wa matundu makubwa unaacha nyuzi zinazoyeyuka na kutengeneza vishimo vyenye mafuta na ukali. Mimi hutaka vyote viwili: la ndani nusu laini, nusu nene, na la juu nene tupu. Epuka lile lililokwaruzwa kiwandani na kuuzwa kwenye mfuko. Limepakwa wanga ili lisishikane, na wanga huo hulifanya liyeyuke kwa shida.

Siagi, majarini, au samli?

Siagi ina mafuta asilimia 80 na zaidi, na maji yake kidogo hugeuka mvuke ovenini na kusaidia kuinua tabaka. Ladha yake inajulikana. Majarini ya kupaka, iliyo kwenye kila kabati Afrika Mashariki, inafanya kazi pia, na kwenye skonzi za jibini kali tofauti yake na siagi ni ndogo kuliko kwenye skonzi tamu, kwa kuwa jibini lenyewe lina mafuta ya maziwa ya kutosha kutawala mdomo. Tatizo lake ni ulaini. Inayeyuka mkononi kabla hujamaliza kufikicha, na mafuta yakishalowana kwenye unga, skonzi hutoka kama keki kavu. Igandishe kwanza kwenye friza nusu saa, kisha uikwaruze moja kwa moja juu ya unga kwa kikwaruzo kilekile cha jibini.

Mbinu hiyo ya kukwaruza naipendekeza hata kwa siagi, kwa yeyote anayepikia Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar. Jikoni kukiwa na joto la nyuzi 30, vidole vinayeyusha siagi ndani ya dakika mbili. Nairobi, Iringa au Bukavu asubuhi ya baridi, fikicha kwa mikono bila wasiwasi.

Mafuta magumu ya kupikia ya kopo hayana maji wala ladha. Yanatoa skonzi inayosagika vizuri lakini bapa mdomoni, kwa hiyo ukiyatumia, chukua gramu 40 tu na uongeze chumvi kidogo. Samli inanukia ajabu na inaendana na jibini, ila haina maji na huwa nusu kimiminika kwenye joto la pwani. Nusu samli iliyogandishwa, nusu siagi, hapo inafaa.

Maziwa

Hapa sina kigugumizi: maziwa ya mala au mtindi kabla ya maziwa ya kawaida. Uchachu wake unanoa ladha ya jibini, na asidi yake hulainisha donge. Punguza bekingi pauda iwe vijiko viwili, uongeze robo kijiko cha chai cha bekingi soda kwa hizo mililita 140. Usizidishe, kwa maana soda isiyopata asidi ya kutosha inaacha rangi ya manjano na ladha ya sabuni. Mtindi mzito unahitaji kulainishwa kwa maji kidogo, vinginevyo utamwaga mwingi kuliko kipimo. Kama una maziwa ya kawaida tu, kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau au siki nyeupe ndani yake, dakika kumi mezani, kitakusogeza karibu.

Kuhusu unga, ule unaouzwa tayari na kiumushi chake, ambao mwokaji Henry Jones wa Bristol aliusajili kwa hataza mwaka 1845, unafaa sawa na wa kawaida. Uongezee kijiko kimoja tu cha bekingi pauda badala ya vitatu. Upungufu wake ni kwamba pakiti iliyokaa kwenye rafu kwa muda mrefu hupoteza nguvu na huwezi kujua kwa macho. Bekingi pauda ya kopo unaweza kuipima: weka kijiko kimoja kwenye maji ya moto. Ikichemka povu kwa kelele, ni hai. Ikitoa vipovu viwili vitatu na kunyamaza, itupe.

Wanaoishi nyanda za juu wapunguze bekingi pauda kwa nusu kijiko hivi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni dogo, na gesi inatanuka haraka kuliko skonzi inavyoshika umbo. Dalili ya kuzidisha ni skonzi inayopanda vizuri, kisha inaegemea upande mmoja au kuzama katikati.

Oveni, makaa, tawa, au mashine ya hewa?

Oveni ni njia rahisi, lakini ina sharti moja ambalo wengi wanalipuuza: iwe moto kwelikweli kabla skonzi hazijaingia. Dakika 15 hadi 20 za kupasha si anasa. Moto wa ghafla ndio unaogeuza maji kuwa mvuke na kuamsha bekingi pauda kabla mafuta hayajayeyuka na kumwagika. Trei iwe juu kidogo ya katikati. Oveni nyingi za gesi za majumbani hutoa moto chini tu, na hapo jibini la juu hubaki jeupe huku kitako kikiungua. Weka trei ya pili tupu chini ya ile yenye skonzi, na mwishoni zisogeze rafu ya juu kabisa dakika mbili. Oveni ya umeme yenye feni ishushwe hadi nyuzijoto 200.

Sufuria ya mkaa, kwa maoni yangu, inatoa skonzi yenye ganda zuri kuliko oveni ya bei nafuu, kwa sharti kwamba unajua kupalia. Wanaooka mkate wa kumimina au keki kwa makaa tayari wana ujuzi wote unaotakiwa. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu unene wa vidole viwili chini, kibati chenye skonzi juu ya mchanga, kifuniko bapa cha chuma, makaa juu. Kosa la kawaida ni kuweka moto sawasawa juu na chini. Skonzi ni fupi na zina jibini, kitako chake kinaungua upesi, kwa hiyo makaa mengi yawe juu, karibu mara mbili ya yaliyo chini, na ya chini yawe yamefunikwa na jivu. Pasha sufuria na mchanga wake dakika kumi na tano kabla ya kuingiza. Usifunue kabla ya dakika kumi. Harufu itakuambia: mwanzoni unanusa maziwa ya moto, kisha siagi, na pale unaponusa jibini lililochomeka kwa mbali, zimebaki dakika mbili au tatu. Jiko liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, maana gesi ya kaboni monoksaidi ya mkaa haina harufu ya kukuonya.

Tawa ndiyo njia ya kale kuliko zote hizi. Waskoti walipika skonzi zao juu ya bamba la chuma kabla oveni hazijaingia majumbani na kabla bekingi pauda haijakuwepo. Bekingi pauda ya kwanza ya kisasa ilitengenezwa na Alfred Bird wa Birmingham mwaka 1843. Kwa tawa, donge libonyezwe liwe duara moja la unene wa sentimita moja na nusu, likatwe robo nne. Moto uwe mdogo: nyunyiza unga kidogo juu ya chuma, na ukichukua kama dakika moja kugeuka rangi ya kahawia hafifu, umefika. Dakika tano hadi sita kila upande, kisha zisimamishe ubavuni kidogo ili pembeni nako kushike. Jibini lote liwe ndani na liwe laini, hakuna la juu, kwa sababu nyuzi nene zikigusa chuma zinaganda na kuungua. Matokeo ni bapa zaidi, yenye unyevu, karibu na mkate kuliko keki. Haina lile ganda la jibini, na kwa mtu anayelipenda ganda hilo hiyo ni hasara kubwa. Lakini asiye na oveni, mwenye gesi ya mtungi na dakika ishirini kabla watoto hawajatoka shule, hana sababu ya kujinyima.

Ea fraya, mashine ya hewa moto inayozidi kuingia majumbani mijini, inafaa kwa skonzi nne kwa wakati mmoja. Nyuzijoto 185, dakika 10 hadi 12. Feni yake hupeperusha jibini lililonyunyizwa juu, kwa hiyo lishindilie kwa kidole kwenye maziwa uliyopaka. Kwa mtu mmoja au wawili, hii inashinda kuwasha oveni nzima.

Duara au mraba

Duara zinapendeza. Zikate kwa kibati chenye makali, kwa mfano kopo dogo la nyanya lililoondolewa pande zote mbili, ukichovya kwenye unga na kushusha wima bila kuzungusha. Glasi ina ukingo butu unaobana tabaka za pembeni zishikane, na skonzi inashindwa kupanda. Mabaki ukiyakusanya na kubonyeza tena, skonzi za pili hutoka ngumu kidogo. Ndiyo maana kwa familia mimi ni wa mraba: kisu kirefu, mikato minne, hakuna mabaki, hakuna donge linaloguswa mara mbili. Maziwa au yai la kupaka libaki juu tu. Likitiririka pembeni linaganda na kushikilia skonzi chini.

Ziliwe siku hiyohiyo zilipookwa, na supu ya nyanya au chai ya rangi, zikiwa vuguvugu badala ya moto wa kuchoma. Dakika kumi za kupoa ndizo zinazoruhusu jibini kushika na ladha yake kusikika. Kesho yake zipashe dakika tano kwenye oveni au tawa iliyofunikwa, si mikroweva, ambayo huzifanya laini dakika moja na ngumu inayofuata. Na kama unajua hutamaliza nane, gandisha mbichi zilizokwisha kukatwa, kwanza zikiwa zimetandazwa kwenye trei, kisha kwenye mfuko. Zinakaa mwezi mmoja bila shida. Zinaingia kwenye moto wa nyuzijoto 200 zikiwa bado barafu, jibini la juu likinyunyizwa wakati huo, na zinaiva kwa dakika 18 hadi 20.